Mipira ya Meno ya Ndila

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Ndila alisimama mbele ya kioo nyumbani kwao Voi akapiga mswaki polepole, akizunguka nyaya za kunyoosha meno yake. Kisha alitakiwa kutundika mipira miwili mipya ya kuvutika, midogo ajabu kama vipete, kutoka meno ya juu hadi ya chini, ili iyavute yakutane sawasawa. Daktari Maundu alikuwa amemwahidi kwamba akiivaa mchana na usiku, nyaya zingetolewa kabla ya tamasha la muziki. Ndila ndiye aliyeongoza kwaya ya gredi ya saba, na hakuna alichotamani kama kusimama mbele ya watu bila waya hata mmoja mdomoni.

Lakini utaimbaje na mipira imekubana taya? Siku moja aliivua mazoezini asiirudishe. Kesho yake hakuivaa kabisa. Mama naye alikagua pakiti kila Jumapili kuona kama inapungua, basi Ndila akabuni ujanja: mipira ya kila siku aliifungia ncha za nywele za mdogo wake, Shanice, aliyekuwa darasa la chekechea. Pakiti ikapungua, mama akaridhika, na Shanice akapendeza kweli kweli.

Siku ya kliniki walikwenda wote watatu. Daktari alichungulia kinywani mwa Ndila, akakunja uso.

"Ndila, mipira unaivaa?"

"Ndiyo, daktari. Kila siku."

"Hata pakiti imeisha," mama akamtetea.

Shanice hakupenda kusahauliwa. Akainamisha kichwa mbele ya daktari. "Umeona nywele zangu? Ndila ananifunga na mipira yake ya meno!"

Mama akageuka. Ndila alitamani kile kiti kimmeze.

"Nimedanganya," alisema huku machozi yakimlengalenga. "Nisamehe, Mama. Ilikuwa inanizuia kuimba."

Daktari alishindwa kujizuia, akacheka. "Si ungeniambia tu? Wakati wa kuimba ungeivua, ukimaliza unairudisha. Sasa tutaongeza miezi miwili."

Ndila aliimba kwenye tamasha na nyaya zake mdomoni, akiwa na uchungu moyoni, ingawa watu walimpigia makofi vilevile. Tangu siku hiyo mipira haikukosekana mahali pake.

Miezi miwili ilipokwisha, nyaya zilitolewa. Ndila alijitazama kwenye kioo cha daktari akacheka mpaka mbavu zikamuuma. Kisha akapewa kifaa cha plastiki kilichotengenezwa kwa umbo la meno yake.

"Kila usiku," daktari alisema. "Ukikiacha, meno yatarudi yalikotoka."

"Na mimi sikagui tena," mama akaongeza. "Mimi unaweza kunidanganya, mwanangu. Meno yako huwezi. Likikushinda jambo, sema mapema, utasaidiwa."

"Nimeelewa, Mama."

Shanice alikitazama kile kifaa kwa hamu. "Na hiki, kinafungwaje kwenye nywele?"

Ndila akakitia mdomoni palepale, mchana mchana.