Bisi Asubuhi, Bisi Jioni

Kila siku nikitoka shule nilikwenda moja kwa moja kwenye chumba cha kushonea cha mama. Nilivua viatu mlangoni, nikafagia nyuzi, nikaokota pini sakafuni kwa sumaku, kisha nikaketi na daftari la vipimo mapajani. Mama ni fundi cherehani. Mteja akija, yeye hupima na kutaja kwa sauti: bega, kifua, kiuno, urefu. Mimi huandika kwa penseli. Tangu dada yangu alipoolewa na kuhamia mbali, kazi hiyo ilikuwa yangu peke yangu, na nyumbani kitanda chake kilibaki kitupu mkabala na changu. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi akiwa kazini, maana mara nyingi mdomo wake ulijaa pini.

Jumatano moja walikuja wasichana wote wa kwaya ya shule. Siku ya wazazi ilikuwa imekaribia, na mwalimu wetu alikuwa amempa mama kazi ya kutushonea sketi za buluu. Mimi nilikuwa nimechaguliwa kuanzisha wimbo, nisimame hatua moja mbele ya wenzangu. Furaha yangu ilidumu mpaka zamu yangu ya kupimwa. Mama alizungusha futi kamba kiunoni mwangu, akataja namba yangu kama anavyotaja ya mtu mwingine yeyote. Ilikuwa kubwa kuliko zote. Rafiki yangu tuliyemwita Kasuku, ambaye mdomo wake haujui kupumzika, akauliza kama kitambaa kitatutosha wote. Wakacheka. Hakuwa na nia mbaya, leo najua, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilichukua penseli nikaandika namba yangu kwa mkono wangu mwenyewe.

Jioni niliomba simu ya mama. Huko nikakutana na video ya dada mmoja mwembamba aliyesema kwamba kwa siku kumi alikula bisi tu, asubuhi, mchana na jioni, na nguo zake zote zikampwaya. Alizungumza huku akitafuna na kucheka. Nikajiambia dawa yangu ndiyo hiyo.

Bisi hazina ufundi mkubwa: punje kavu za mahindi, sufuria yenye mfuniko, basi. Nilizipika bila mafuta mama akishatangulia kazini, nikazitia kwenye mfuko. Mchana wenzangu walipofungua vyakula vyao, mimi nilikwenda nyuma ya tangi la maji nikatafuna peke yangu. Niliogopa kwamba nikikaa karibu na Kasuku nitanusa chakula chake nishindwe. Siku ya kwanza alinifuata akaniuliza nina nini, nikamdanganya kwamba nafanya mazoezi ya sauti. Siku ya pili akauliza tena. Siku ya tatu hakuuliza.

Nyumbani nilimwambia mama kuwa nimeshiba, nimekula kwa rafiki. Aliniamini. Nikiwa kitandani nilisikia kijiko chake kikigonga sahani upande wa pili wa ukuta, naye akila peke yake. Sijawahi kuwa mpweke kama siku zile, na upweke wenyewe niliupika kwa mikono yangu.

Siku ya tano nilitaka kujua nimefika wapi. Mama alikuwa amekwenda kununua vifungo na futi kamba yake ilikuwa shingoni mwake, kama kawaida. Nikachukua ile kuukuu ambayo siku hizi tuliitumia kufungia marobota ya vitambaa. Nilipojipima nikakuta nimepungua inchi moja na nusu. Nilirukaruka pale chumbani, kisha nikatulia, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumwambia. Basi, kwa kuwa sketi yangu ilikuwa bado haijakatwa, nikafungua daftari, nikafuta namba yangu kwa raba, nikaandika mpya. Tena sikuishia hapo. Nikapunguza na inchi nyingine mbili, zile nilizokuwa na hakika kwamba zingeondoka siku zilizobaki.

Siku za mwisho zilikuwa chungu. Kichwa kiliniuma, na darasani maandishi ya ubaoni yalicheza. Kwenye mazoezi nilisahau ubeti niliokuwa naujua vizuri kuliko jina langu. Mwalimu akasema nipumzike. Nikajikaza kisabuni. Usiku niliota ugali, wali, hata mchicha ambao siupendi.

Siku ya kumi, ikiwa imebaki siku mbili tu, wenzangu walikuja kujaribu sketi zao. Kila moja ilimkaa mwenyewe vizuri. Walipoondoka nikajaribu yangu. Zipu ilipanda kidogo ikagoma, na ndoano ya kiunoni haikukaribia hata kidogo mahali pake. Mama alivuta, akapima kwa macho, akavuta tena. Kitambaa cha buluu kilikuwa kimekwisha, na dukani hakikuwapo kingine. Akafungua daftari akaniuliza kama namba ile ndiyo.

"Ndiyo uliyonitajia," nikasema.

Mama alivua miwani, akaifuta kwa pindo la nguo yake, akaivaa, akatazama tena. Aliketi polepole. Alisema labda macho yake yameanza kuchoka. Kwa miaka ishirini hakuwahi kumharibia mtu nguo, na sasa amemharibia mwanawe. Akasema kesho asubuhi atakwenda kwa mwalimu kumweleza kuwa fundi amekosea, na kwamba sare za mwaka ujao, kazi aliyokuwa ameahidiwa, ni bora apewe fundi mwenye macho mazuri.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Mimi nilikuwa nimefika mwisho wake, na aliyeumia ni mama yangu. Niliona haya kuliko siku ile ya kupimwa.

"Mama, macho yako hayana kosa," nilimwambia. "Ni mimi niliyefuta."

Nilisimama nimwonyeshe alama ya raba. Chumba kikazunguka, nikajikuta nimekaa sakafuni. Mama alinishika nisianguke zaidi, na pale pale, kichwa changu kikiwa begani mwake, nikamweleza yote, kuanzia kicheko cha wenzangu hadi bisi za nyuma ya tangi.

Alinipeleka zahanati bila hata kufunga cherehani. Muuguzi, mama mmoja mwenye sauti nzito, alinipima, akanipa kinywaji cha kunitia nguvu, akasikiliza habari zangu bila kunicheka. Kisha akauliza, "Na huyo dada wa kwenye simu, anauza nini?"

"Bisi," nikasema. "Za pakiti."

Muuguzi alitikisa kichwa. Alinieleza kwamba bisi si adui, ni kitafunio kizuri tu, lakini kitafunio hakiwezi kuwa mlo. Mwili wangu ulikuwa bado unakua, unataka maharage, mboga, matunda, mayai na vinginevyo. Ukiunyima, unachoka na kuumwa, na uzito kidogo unaopotea kwa kujinyima hurudi mara unapoanza kula. Mtoto mwenye wasiwasi na mwili wake, alisema, amwambie mzazi au mhudumu wa afya, asijitibu kwa video.

Tuliporudi mama aliuliza nilijipima na futi ipi. Nikamletea ile kuukuu. Akailaza mezani kando ya yake, na tukaona wenyewe: ya zamani ilikuwa imevutika kwa kufungia marobota, alama zake zimeachana. Sikuwa nimepungua chochote. Iliyobadilika ni futi. Mama alianza kucheka, nami nikacheka, kisha tukalia kidogo, kisha tukala wote kwenye sinia moja. Aliniomba msamaha kwa kutotambua kwamba sahani yangu ilikuwa kavu siku zote zile. Nikiwa na jambo, alisema, nimsimamishe hata katikati ya mshono.

Kesho yake nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu kueleza nani aliyekosea, na kazi ya sare ikabaki kwa mama. Nilimwambia na Kasuku. Yeye alidhani nimeanza maringo kwa sababu ya kuchaguliwa. Alisema mchana wote wa siku zile hakuwa na wa kuzungumza naye, na kwa Kasuku hiyo ni adhabu kubwa. Akaniomba radhi kwa utani wake. Alasiri tulimsaidia mama kufumua ile sketi, naye akaongeza vipande pembeni, rangi ya buluu iliyokoza kidogo.

Asubuhi ya siku ya wazazi niliivaa. Zipu ilipanda bila ubishi. Hata hivyo nilisimama mbele ya kioo, nikauliza kama watu hawataona vile vipande.

Mama alinigeuza nimtazame.

"Waone," alisema. "Mimi nakata kitambaa kimfuate mtu, mwanangu. Mtu hakatwi afuate kitambaa. Haya, nenda ukaimbe."