Ukuta wa Pili

Watu husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mshonaji alianza na ukuta, na ufa ndio uliomliza.

Walikutana katika duka la vifaa vya ujenzi, watu wakisukumana. Mshonaji, gauni la maua na futi ya kitambaa shingoni, alikuwa akiburuta robota la sponji.

"Dada, hiyo peke yake haizuii sauti," alisema kijana mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi. "Unapigana na nani?"

"Na jirani wa nyuma. Nyumba ya zamani, ukuta mmoja, mlango wake uko mtaa wa pili. Muziki kutwa! Mama yangu mgonjwa, hapati hata lepe la usingizi. Simjui mtu huyo, lakini nimeshamlaani."

Kijana aliuliza ni mtaa gani; alipoambiwa, alimpokea robota. "Mimi fundi. Nitakujengea ukuta wa pili."

"Fundi wa nini?"

"Wa lolote utakalo, malkia."

Akajenga: fremu ya mbao isiyogusa ukuta wa zamani, pamba nzito katikati, jipsamu juu yake. Kazi ya wiki ikala miezi, maana mikono ilikuwa ikisahau nyundo. Ajabu, kila alipokuwapo, jirani alinyamaza.

"Ananiogopa," alijigamba. Mshonaji akacheka mpaka mama akauliza harusi lini.

Ukuta ulipokwisha, fundi aliaga, na muziki ukarudi. Ulikuwa ukipenya kwenye tundu la soketi. Mshonaji, mkasi mkononi, akampigia simu.

Muziki ukakatika.

"Niambie, kipenzi," simu ilisema.

"Niambie, kipenzi," ukuta nao ukasema.

Alizunguka hadi mtaa wa pili akikimbia. Alimkuta katikati ya spika ndefu kama makabati.

"Niliogopa," fundi alisema. "Ulinilaani kabla hujanijua. Natengeneza spika, lazima nizijaribu. Ndiyo maana nikakujengea ukuta, kwa mikono yangu!"

"Ungepunguza sauti."

"Mpenzi..."

"Kuna kitufe. Kinataka kidole kimoja! Mama anakesha, nawe unakuja kumpa pole na machungwa!"

Machozi yakimtiririka, alikata waya wa kwanza, wa pili, yote.

"Spika za watu hizo! Niombe radhi, nami nikuombe, tuyamalize. Nakupenda."

"Nami nakupenda, ndiyo balaa yenyewe," alisema. "Lakini radhi siombi. Si kwako, si kwa spika zako, si leo wala kesho. Siombi."