Jino la Tatu

"Senene, panya wa kale ametoka ghalani. Prado nyeusi. Isivuke mpaka wa Murongo."

Simu ikakatika.

Rwezaura, ambaye jina lake la kazi ndilo hilo Senene, akaipiga gia pikipiki yake ya Boxer. Kijiji cha Igurwa kikabaki nyuma. Migomba ikawa ukuta pande zote mbili.

Panya mwenyewe alikufa enzi za dinosaria. Kilichobaki duniani ni kisukuku kimoja tu: kipande cha taya, kidogo kama punje ya kahawa, chenye meno matatu. Kiliibwa kwenye ghala la watafiti. Mnunuzi alikuwa akingoja ng'ambo ya mpaka.

Mji mdogo wa Nkwenda. Siku ya gulio.

Prado ilikwama nyuma ya Fuso la ndizi. Rwezaura akaruka, Glock mkononi.

"Shuka, Clavery!"

Clavery, mlanguzi mwenye tumbo la amani, akashuka taratibu. Viti vikapekuliwa. Tairi la akiba. Kamera ya waya ikazamishwa hadi kwenye tangi.

Hakuna kitu.

"Umejichosha bure, waitu." Clavery akachomoa kifuko shatini. "Tafuna kahawa kwanza, ndipo unitukane."

Kahawa ya kutafuna, heshima ya mgeni huku, haikataliwi. Wala huichambui mbele ya anayekukaribisha, kana kwamba unatafuta mawe kwenye mchele. Rwezaura akabugia punje tatu.

Kach!

Haikuwa kahawa.

Clavery akawa rangi ya majivu. Mkono wake ulifanya ulichozoea tangu utotoni, kabla kichwa hakijakumbuka kilichofichwa mle.

Rwezaura akatema kiganjani. Taya. Meno mawili.

Mawili!

Alimfunga Clavery pingu bila kumtazama usoni. Aibu ilimpanda kutoka shingoni hadi masikioni. Mnyama kawakwepa dinosaria, kafukiwa, kavumilia mamilioni ya miaka ardhini, kisha anakuja kusagwa na mtoto wa Kihaya wa Muleba!

"Sikia, kaka," Clavery akanong'ona. "Sema jino nimelivunja mimi. Nitakubali hata mahakamani. Wewe ifute tu namba ya mnunuzi kwenye simu yangu."

Nani angejua?

Rwezaura akameza... la, alitaka kumeza mate, akaghairi. Akaitia simu ya Clavery mfukoni, akampigia mkuu wake, Felicitas.

"Panya ninaye. Mwizi ninaye. Namba ya mnunuzi ninayo."

"Safi! Taya nzima?"

"Hapana, mama. Jino moja nimelitafuna."

"Umeli-nini?"

"Nilikaribishwa kahawa."

"Kipande kiko wapi?"

Akapapasa kwa ulimi. "Kimenasa kwenye tundu la gego langu."

Felicitas akaongea na mtu pembeni, akarudi. "Mtaalamu anasema linaungika. Funga mdomo. Usiteme, usimeze, usiongee, mpaka ufike kwake Kayanga."

Polisi wakampokea Clavery. Rwezaura akavaa Ray-Ban, akakata katikati ya gulio, mgongo wima, kimya kama jiwe.

Bibi Kokwijuka, muuza maharage, alinyoosha shingo akingoja aamkiwe.

Rwezaura akainamisha kichwa tu. Akapita.

"Mwanamume mzima, hata shikamoo!" bibi akawapigia kelele wenzake. "Na kinywa anacho, nimemsikia kwenye simu! Wahaya hawa, wakivaa miwani tu, basi!"

Gulio zima likaangua kicheko. Rwezaura akaiwasha Boxer, masikio yakimwaka moto, akaondoka bila kugeuka nyuma.