Pesa za Upande wa Pili

Ndugu zangu, nipeni masikio yenu kidogo. Ninalotaka kuwaeleza lilianza kwa vicheko, na wengi wetu mtaani tulicheka pamoja na wenzetu. Laiti tungejua.

Pale njia kuu inapokaribia mpaka palikuwa na mkahawa mdogo wa kuta za mbao. Mwenye mkahawa tulimwita Mama Sufuria, kwa kuwa alizisugua sufuria zake mpaka ungeweza kujitazama humo na kuchana nywele. Mumewe alikuwa fundi wa matairi ng'ambo ya barabara. Na penye mlango, juu ya kigoda, kisanduku cha pesa kikiwa mapajani, alikaa mama yake Fundi. Huyo sote tulimwita Bibi.

Asubuhi, Mama Sufuria alipokwenda sokoni, mkahawa ulibaki mikononi mwa Bibi. Wateja walijimiminia chai kutoka kwenye chupa kubwa, wakachukua mkate kwenye sinia, kisha wakamlipa mlangoni. Macho ya Bibi yalikuwa yameingia ukungu. Alimtambua mtu kwa sauti yake na kwa jinsi anavyoburuza viatu. Lakini pesa hakuikosea. Pesa yetu, kama mnavyojua, kadiri thamani inavyopanda ndivyo noti inavyorefuka. Bibi aliikunja noti katikati, akailaza juu ya kidole chake cha kati. Ikiishia ukuchani ni ndogo. Ikipita ukucha ni kubwa. Basi.

"Bibi, leo nimekulipa kwa karatasi ya daftari," kinyozi alipenda kumtania.

"Ungefanya hivyo ningejua," Bibi alimjibu. "Ningesikia hesabu za mwanao zinavyolia humo ndani, maana zote kakosa."

Watu wakacheka, chai ikanyweka, siku ikaanza vizuri. Bibi alikipenda kigoda kile. Aliwahi kumwambia mama mmoja jirani, "Mzee akikosa shughuli hugeuka fenicha. Mimi bado sijawa fenicha."

Kisha mpaka ukafunguliwa kwa malori makubwa. Madereva wa upande wa pili wakawa wanashuka kwetu, wana njaa, na mifukoni wana pesa ya kwao tu. Mahali pa kubadilisha palikuwa mbali na palikata ada kubwa. Mwanzoni wenye maduka walizikataa zile noti. Baadaye, kwa kuwa tumbo halina mpaka, wakaanza kuzipokea.

Tulihangaika, nisiwafiche. Kinyozi alimnyoa dereva kichwa kizima kwa pesa isiyotosha kunyoa sikio. Muuza viatu akazirudisha noti halali akidhani ni za kuchezea watoto. Kidogo kidogo tukazoea. Mama Sufuria alijifunza kwa simu yake, akawa anapiga hesabu huku anakoroga mchuzi. Fundi alifundishwa na wauza vipuri. Kila aliyekuwa na macho na mtu wa kumuuliza, alizoea.

Bibi naye aliuliza.

"Mke wa mwanangu, hizi za wageni nazijuaje?"

Mama Sufuria alikuwa anatafuta kapu la sokoni. "Utazoea tu, Mama. Sisi wote tumezoea."

Bibi akavuka barabara, akiongozwa na sauti ya nyundo, mpaka kwenye karakana. "Baba, una nafasi? Nataka unionyeshe hizi pesa."

"Mama, si unaona niko chini ya gari? Jioni, Mama. Jioni nitakaa nawe."

Jioni Fundi alikula, akaegemea ukuta, akalala na viatu vyake. Kesho yake ikawa vilevile. Ndugu zangu, tazameni vizuri hapa: hakuna aliyemkatalia. Kila mmoja alimwahidi.

Basi Bibi akafanya kile ambacho mtu mwenye akili hufanya anapokosa mwalimu. Alitumia alichokuwa nacho. Alizilaza noti za wageni juu ya kidole chake, ndefu akaihesabu kubwa, fupi akaihesabu ndogo.

Kumbe za upande wa pili ni kinyume. Zile ndefu ni za zamani na thamani yake ni ndogo. Zile fupi ndizo kubwa. Dereva alipokunywa chai na kutoa noti ndefu isiyofikia hata bei ya mkate, Bibi alimshukuru na kumrudishia chenji: noti fupi za kwao zilizokuwa kisandukuni, tena mbili.

Wa kwanza nafikiri alishangaa. Pengine alisimama pale akitaka kusema. Lakini hakusema. Alizitia mfukoni, akapanda lori lake, na huko kwenye foleni akamnong'oneza mwenzake, "Ukitaka chai tamu, wahi asubuhi, umkute bibi." Mwenzake naye akamnong'oneza mwingine. Mkahawa ukawa unafurika kila asubuhi, Bibi akafurahi. "Wageni wanatupenda," alisema. "Wananisalimia kwa adabu mno."

Mama Sufuria aliporudi alikuta masinia matupu na chupa tupu. Kisanduku kilikuwa kimejaa manoti marefu yaliyochakaa yasiyoweza kununua mfuko wa unga. Mara ya kwanza alidhani amekosea hesabu. Mara ya pili akanyamaza. Baada ya wiki kadhaa alianza kudaiwa na mwenye ng'ombe kwa ajili ya maziwa, na hapo moyo wake ukaanza kutafuta mtu.

Moyo ukitafuta mtu, humpata. Bibi alikuwa na binti mjane, wifi yake Mama Sufuria, aliyeishi na watoto wake katika chumba kimoja upande wa machimbo ya mawe. Huyu alikuja mara kwa mara kumsalimia mama yake, na akiondoka Bibi alimfungia mkate uliolala.

"Hivi huo ni mkate mtupu?" Mama Sufuria alimuuliza mumewe.

"Una maana gani?"

"Sina maana. Nauliza tu. Wateja wamezidi, pesa imepungua, na wifi yangu juzi kamnunulia mwanawe sare mpya."

"Usimseme mama yangu."

"Sijamsema. Wewe ndiye umemtaja."

Neno likishaingia chumbani hulala humohumo na wenye chumba. Fundi naye akaanza kuvuka barabara asubuhi bila sababu, akisimama dirishani kumtazama mama yake. Alimwona akipokea na kutoa. Kwa kuwa alisimama mbali, hakuona ni noti zipi. Bibi alizitambua hatua zake.

"Baba, ni wewe? Karibu unywe chai."

"Napita tu, Mama."

Siku moja kabla ya mchana, Mama Sufuria alifungua kisanduku mbele ya wateja na uvumilivu ukamwisha.

"Mama, pesa iko wapi?"

"Si hiyo hapo, mwanangu?"

"Hii? Sinia zima la mkate na chupa zote za chai, ndiyo hii?"

"Leo wametoa kubwakubwa," Bibi alisema kwa fahari kidogo, akagusa zile noti ndefu. "Chenji ndiyo imeniishia."

Mama Sufuria alicheka kicheko kibaya. "Kubwakubwa! Jamani, sikieni! Mama, mimi nakupikia, nakufulia, na bado unanifanya mtoto? Sema tu kwamba unampelekea mwanao. Sema, nijue moja."

Mle mkahawani mlikuwa na madereva wawili wa upande wa pili, waliokunywa chai yao kwa noti ndefu asubuhi ileile. Waliinamisha vichwa. Kama mmoja wao angefungua kinywa wakati ule, nisingekuwa na hadithi ya kuwaeleza leo.

Fundi aliitwa. Bibi alisikia hatua zake, akageuza uso kwake kama mtu anayeona mkombozi.

"Baba, mwambie mkeo. Wewe unanijua."

Alisubiri. Sote tulisubiri.

"Mama," Fundi alisema, akiangalia chini, "tukiangalia mzigo wako tu, maneno yataisha."

Walikwenda chumbani kwa Bibi. Fundi mwenyewe alifungua mfuko wa nguo wa mama yake aliyemzaa, akavitoa vitu kimoja kimoja kitandani: magauni mawili, kitana, kipande cha sabuni kilichofungwa kwenye kitambaa, sweta lililotoboka kiwiko. Hakukuwa na hata sarafu. Bibi alisimama mlangoni akisikiliza vitu vyake vikitolewa. Mama Sufuria akasema kwa sauti ya chini, "Basi ameshapeleka."

Fundi alianza kuzikunja nguo azirudishe, mikono michafu ya grisi, na Bibi akamwambia kwa upole, "Acha, baba. Utazitia madoa."

Kulipopambazuka kigoda kilikuwa kitupu. Binti yake alikuwa amekuja usiku kumchukua, na hakuna aliyewaambia wabaki.

Mama Sufuria sasa alikaa na kisanduku mwenyewe asubuhi. Ndipo akaingia dereva mmoja mnene, mcheshi, aliyekuwa safarini muda mrefu na hajui kilichotokea. Alikunywa chai, akala mikate, akatoa noti moja ndefu, kisha akasimama na kiganja wazi.

"Unasubiri nini, kaka?"

"Chenji, mama."

"Chenji ya nini? Hii haitoshi hata chai. Ongeza!"

Dereva akacheka. "Aa, kwani bibi yuko wapi leo? Yeye hunirudishia mbili fupi." Alipomwona Mama Sufuria anavyobadilika uso, kicheko kilimkauka. "Mama... samahani. Tulijua kuwa haoni vizuri. Tulifanya kama mchezo. Na mimi nina mama."

Kisha akatoa noti zake zote, akaziweka mezani, akashika kidole cha Mama Sufuria na kukipitisha pembeni mwa noti. "Ona. Kuna vinundu. Kimoja ni ndogo kabisa, viwili inafuata, vinne ndiyo kubwa. Kwetu hata asiyeona kabisa anazijua. Hakuna aliyemwonyesha?"

Mama Sufuria aliinuka, chai ikamwagika, akavuka barabara bila kutazama magari. Fundi alipomwona alidhani nyumba imeungua.

Walikwenda machimboni siku ileile. Chumba kilikuwa na vumbi la mawe mpaka kwenye vyombo, na Bibi alikuwa amelala akikohoa. Mama Sufuria alipiga magoti.

"Mama, nisamehe. Nimekukosea mimi."

Bibi alimpapasa kichwani. "Nimekusamehe, mwanangu. Njaa ya biashara humpandisha mtu mori. Hata mimi niliwahi kuwa kijana."

"Basi turudi nyumbani," alisema Fundi. "Kigoda chako kipo, Mama. Hatujamkalisha mtu."

Bibi akageuza uso kwake. "Mkeo alinituhumu, na mkeo hanijui tangu zamani. Wewe, baba, nilikuambia unanijua. Nilisimama pale mlangoni nikangoja useme. Sina kinyongo. Ila miguu yangu haitaki tena kuingia chumba kile."

Walibembeleza mpaka jua likatua. Hakukubali.

Fundi akawa anamwendea kila alipofunga karakana. Alipeleka dawa, blanketi, na maneno ambayo hayakupata mahali pa kutua. Siku moja alikwenda na noti za upande wa pili. Alikaa kitandani, akachukua mkono wa mama yake, akaweka kidole chake pembeni mwa noti ya kwanza.

"Hapa, Mama. Kimoja."

"Kimoja," alisema Bibi.

"Hii?"

"Viwili. Hii nyingine... ngoja, usiniambie. Vinne. Hii ndiyo kubwa?"

"Ndiyo hiyo, Mama."

Fundi alizichanganya. Bibi akazipanga tena bila kukosea, akarudia, hakukosea. Chai waliyomiminiwa ilikuwa bado haijapoa. Alizishika noti zile kifuani, akatikisa kichwa taratibu, akauliza:

"Kumbe ni hivi tu?"

Fundi, mtu mzima anayeinua tairi la lori kwa mikono yake, alitoka nje akaegemea ukuta wa chumba cha dada yake na kulia kwa sauti.

Kikohozi hakikumwacha Bibi. Vumbi la machimbo si rafiki wa kifua cha mzee. Alifariki kabla ya msimu wa mvua, katika chumba kilekile, mkono wake mikononi mwa binti yake ambaye hakuiba kitu. Mkahawa bado upo. Mama Sufuria hasugui tena sufuria zake kama zamani, na Fundi hanywi chai pale.

MAFUNZO

Ndugu zangu, pesa ngeni ikiingia mtaani, huingia kwa wote siku moja, lakini hatuizoei siku moja. Vijana hutangulia. Ukishajua, usimwambie aliye nyuma yako "utazoea." Kaa naye. Muda unaotosha kunywa kikombe cha chai unaweza kuokoa nyumba nzima.

Pesa ikipungua, uliza kabla ya kutuhumu. Chunguza hesabu kabla ya kuchunguza mfuko wa mama yako. Na wewe unayeona mzee anakosea ukanufaika ukanyamaza, usijiite mwerevu. Umeiba, na aliyelipa si yule uliyemwibia pesa tu.

Kusamehewa ni jambo moja, na kurudishiwa ulichovunja ni jambo jingine. Bibi alisamehe siku ileile. Hakurudi.