Sauti ya Namba ya Majaribio

Soko la simu lilikuwa limefurika. Simu ya vitufe ilibaki moja tu mezani, na mikono miwili iliidaka kwa pamoja: wa mwanamke mwenye gauni la kijani na raba nyeupe, na wa mwanamume ambaye shati lake lilikuwa limepigwa pasi upande mmoja.

"Nimekutangulia, kaka."

"Dada, simu kuukuu hivi ya kumpigia nani?"

"Ya kujipigia mwenyewe."

Mwanamume akacheka. "Basi ugonjwa wetu ni mmoja."

Kumbe walikuwa wakielekea jengo moja. Mwanamume alisimamia maabara ya majaribio ya kampuni ya simu. Wenzake walimwita Moja-Mbili. Mwanamke alikuwa injinia aliyetumwa na watengenezaji wa mtambo mpya, ahakikishe unaelewana na mtambo wa zamani wa kiwanda kingine. Usipoelewana, ungerudishwa, na kibarua chake kingeota nyasi.

Maabara ilikuwa na namba ya majaribio. Ukiipiga, sauti ya mwanamke iliyorekodiwa inahesabu moja hadi kumi, taratibu, kama anayembembeleza mtoto. Kila simu ilipopita kwenye mtambo mpya, sauti ilifika sita, ikanyamaza, kisha simu ikakatika.

"Mtambo wako una wivu, Injinia," Moja-Mbili alimtania.

"Wivu wa nini? Hata hajaolewa."

"Kwani anatafuta?"

Wiki ya tatu walikuwa wakila sahani moja na kupigiana simu hata wakiwa ghorofa moja. Lakini kulikuwa na kitu. Katikati ya kicheko, macho ya Moja-Mbili yalihama ghafla, kama mtu aliyeitwa kutoka chumba cha pili.

Mchana mmoja Injinia alirudi maabara na chakula akamkuta amempa mgongo, simu sikioni. "Nimekusikia," alikuwa akinong'ona. "Pumzika, mpenzi."

"Nani huyo?"

Alishtuka, akakata. "Hakuna mtu."

"Hakuna mtu ndiye unayemwita mpenzi?"

Injinia akaweka chakula mezani, akaondoka.

Siku ile, kwa hasira na haraka ya kumaliza aondoke zake, aliifuta ile rekodi na kujirekodi akihesabu kwa sauti yake mwenyewe. Simu zote zikafika kumi. Akaandika ripoti: mtambo umefaulu.

Asubuhi yake simu ya maabara ikalia. Alikuwa peke yake; akapokea.

"Wewe ni nani?" Sauti ya bibi mmoja ilitetemeka. "Mwanangu yuko wapi?"

"Shikamoo, mama. Mwanao yupi?"

"Anayehesabu. Miaka mitatu tangu nimzike, kila asubuhi nampigia. Akisema moja, naitikia. Leo nimepokewa na mgeni. Mwambie mkwe wangu wa hapo maabara, mke wake hapokei."

Injinia aliweka simu chini. Aliitafuta nakala ya rekodi mpaka akaipata, akairudisha, kisha akaisikiliza yote kwa mara ya kwanza bila mtambo kuikata. Baada ya sita, marehemu alitulia kwa sekunde kadhaa. Kwa mbali akasikika Moja-Mbili akiuliza kama anataka chai. Kicheko kidogo kikafuata. Saba.

Kumbe kosa lilikuwa hapo. Mtambo wa zamani ukikuta kimya hautumi kitu. Mpya usipopokea kitu, unadhani mtu amekata.

Moja-Mbili alimkuta akilia.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi? Kwamba marehemu mke wangu bado yuko kazini?" Alikaa kitako sakafuni. "Kila ulipocheka niliogopa anatusikia."

"Nilimfuta. Nisamehe."

"Umemrudisha. Na mimi nilikudanganya."

Injinia aliifuta ripoti yake, akawapigia wakubwa zake kukiri kwamba kufaulu kule hakukuwa kwa kweli. Alikaripiwa mpaka masikio yakamwasha. Siku nne walirekebisha pamoja muda ambao mtambo mpya ulitakiwa kuvumilia kimya, mpaka marehemu akafika kumi.

Jumapili wakaenda kwa yule bibi kumwomba radhi. Sebule ilikuwa na viti vitatu, kimoja kikiwa na mto mwekundu usio na mkunjo. Injinia alibaki amesimama.

"Kaa hapo penye mto, mwanangu."

"Si kilikuwa chake, mama?"

"Kilikuwa. Kaa."

Alikaa kwenye ncha. Moja-Mbili akamtazama, jasho likimtoka. "Injinia, utakubali nikuoe?"

"Wewe! Mbele ya mama mkwe wako?"

"Sina mzazi mwingine."

"Basi muulize yeye kwanza."

Bibi alikuwa akimimina chai; hakuinua hata macho. "Mimi nimeshajibu," alisema. "Nimemwambia akae."