Kichwa Kinachongoja Kuguswa

Mbaruku aliosha kirikuu chake mara tatu wiki ile, ndani na nje, na bado kilinuka maziwa ya mbuzi. Kigari cha kubeba nyanya kutoka Korogwe hadi Handeni kinuke maziwa kwa nini? Mkewe, Mwantumu, alinusa akasema labda kuna abiria aliyemwaga. Mbaruku alijua si hivyo, maana abiria wake wa siku hizo hakuwa na chupa wala kibuyu, na hakuwa amepandia mlangoni.

Miezi miwili nyuma alikuwa amemgonga na kumuua mtoto wa Kimasai, Naisiae, akivusha mbuzi adhuhuri kweupe. Mbaruku alikuwa anaandika utani kwenye kundi la simu la madereva. Aliwaambia polisi kwamba mbuzi waliruka ghafla, na kwa kuwa mbuzi hawatoi ushahidi, akaaminiwa, akarudi barabarani kama mtu aliyekanyaga chungwa.

Siku ya nne baada ya kurudi kazini, mtoto yule akawa kwenye kiti cha abiria. Kichwa kimenyolewa, kimeinama kuelekea mkono wa dereva, kinangoja. Mbaruku akitazama barabara, hakisogei. Akikitupia jicho, kimesogea. Kufikia wiki ya pili alikuwa anasikia pumzi kwenye kiwiko.

Aliyemwogopea zaidi ni Hafsa, binti yake wa darasa la pili, ambaye kila siku alimpeleka shule Chanika, pale Handeni, na kumrudisha kwenye kiti kilekile. Akampiga marufuku kupanda. "Utatembea na wenzako." Mtoto akanuna, akatembea.

Mwisho Mbaruku alikwenda bomani kwa Mzee Lomayani, babu yake Naisiae.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

Akasimulia kwa sauti ya chini, na safari hii hakuwataja mbuzi. "Sikumwona, mzee. Nilikuwa kwenye simu."

 Lomayani alikuwa na haki ya kumpiga fimbo, lakini hakumpiga.

"Huyo si Naisiae," alisema. "Naisiae tumemzika. Hilo ni jini la barabara, limevaa sura yake na adabu zake. Kwetu mtoto anamwinamia mkubwa, na hainui kichwa mpaka aguswe. Liguse, uliambie hayo uliyoniambia mimi. Lakini simama kwanza. Zima gari kabisa."

"Nimekusikia, mzee."

Alisikia, ndiyo. Kesho yake alikuwa na matenga kumi na mawili ya nyanya zinazolainika kwa joto, na mwenye mzigo anapiga simu kila baada ya dakika tano. Alikuwa ameshaingia Chanika kichwa kilipotokea. Asimame? Mbaruku hakuwa dereva wa kusimama kwa jambo la sekunde moja.

Akatoa mkono kwenye usukani, akageuza shingo, na huku akinong'ona nilikuwa naandika, nisamehe, nilikuwa naandika, akaweka kiganja juu ya kipara kile, nacho kilikuwa cha moto kama cha mtoto yeyote aliyeshinda juani, kikaanza kuinuka polepole, likaonekana shavu, kisha jicho, kisha mdomo unaotabasamu kama wa mtu aliyepata alichokifuata, na harufu ya maziwa ikakatika, na kiti kikabaki kitupu, na Mbaruku akacheka kwa furaha kabla hajasikia kishindo.

Watoto wa shule walisimama kando wameshika midomo. Mmoja alikuwa chini.

"Aliona gari la baba yake," mwenzake alisema taratibu. "Alitaka lifti."

Mbaruku alimlaza Hafsa juu ya kanga aliyotupiwa na mama mmoja. Alipoinua macho akamwona Hafsa tena, ndani ya kirikuu, amekaa kwenye kiti cha abiria na sare zake, kichwa kimeinama. Akapitisha mkono dirishani amguse. Kichwa kikarudi nyuma. Akauingiza mpaka begani, akilia, akimwita kwa jina, na kila vidole vilipokaribia, mtoto alijisogeza kidogo.