Insha Aliyoituma Hervé

Jumamosi moja ya Novemba, duka la fotokopi la Saint-Josse, mjini Brussels, lilikuwa limefurika watu na miavuli inayochuruzika maji. Myriam Kazadi, msichana wa miaka ishirini kutoka Schaerbeek, alisimama kwenye foleni ndani ya koti la njano lililombana kiuno, rasta zake zikimfika mgongoni. Alipofika kwenye mashine, karatasi zake alizotuma zichapwe hazikuwepo.

Zilikuwa mikononi mwa kijana mrefu mwenye sweta nyeusi, amesimama dirishani. Anasoma. Tena anatabasamu.

"Eh! Nani alikuambia usome makaratasi ya bantu bengine?"

"Zilichanganyika na zangu," kijana akajibu bila haraka. "Bon, samahani. Lakini hii ni mubaya."

"Pardon?"

"Hii insha. Banakuuliza sababu gani unataka chuo yabo. Weye unabaambia ni kizuri, ni kikubwa, kiko na bamwalimu bazuri. Toa jina ya chuo, weka jina ya duka ya viatu, itatembea vilevile."

Watu wawili kwenye foleni wakacheka. Myriam alimpokonya kijana karatasi zake, kisha akanyakua na za kijana. Akasoma mistari mitano. Kilikuwa chuo kilekile, chuo kidogo cha Minnesota, Marekani, ambacho humlipia mgeni kila kitu akikubaliwa, na huwakubali wachache mno.

"Na yako? Unalia toka mustari ya kwanza. Njaa, baridi, njaa tena. Hapa unaandika ulizaliwa Ixelles, Brussels hapa. Njaa uliona wapi?"

Tabasamu la kijana likafutika. "Naitwa Hervé Kabamba."

"Sikukuuliza."

Jumamosi iliyofuata walikutana palepale, saa ileile, na kila mmoja akaapa kuwa ni bahati tu. Jumamosi ya tatu walihamia kwenye mgahawa wa Kikongo kule Ixelles, meza ya pembeni, sahani ya bukari, yaani ugali, na sombe ya majani ya muhogo katikati yao na insha huku na huku. Waligombana hadi mwenye mgahawa akawaomba wapunguze sauti. Myriam alimkatia Hervé kila sentensi iliyoomba machozi. Hervé alimzungushia duara kila neno kubwa alilolitoa kwenye kamusi.

"'Ninapenda kusaidia bantu,'" alimsomea kwa dharau. "Muntu gani? Siku gani? Alivaa nini?"

"Unanichosha, Hervé."

"Chérie, andika kitu moja tu yenye kuwa yako."

Neno *chérie*, mpenzi, lilimponyoka. Wote wawili wakajifanya hawakulisikia, lakini jioni hiyo walipoagana kituo cha tramu, Myriam ndiye aliyembusu kwanza, kwa hasira, kama anayemnyamazisha.

Ilikuwa Desemba Myriam alipomweleza siri yake. Alikuwa na miaka kumi na moja, wamefika Brussels miezi saba tu kutoka Lubumbashi. Mama yake alikuwa mjamzito, hajui Kifaransa, na mkalimani wa pekee alikuwa yeye. Daktari alimtazama yeye, mtoto, akasema moyo wa kichanga umesimama.

"Nikamuambia maman, 'Anasema mutoto analala.'" Myriam alikuwa akikwangua meza kwa ukucha. "Akaenda nyumbani na mutoto mwenye kufa ndani ya tumbo, sababu ya miye. Mupaka kesho yake, tukarudi hospitali. Hatujaongea juu ya ile siku tena."

Hervé akasema alichopaswa kukimeza: "Myriam, hiyo njo insha yako."

"Haiko ya kuuza. Umesikia? Hata kidogo."

"Nimesikia."

Wiki mbili baadaye, Myriam akiwa ndani ya tramu, simu ililia. Ujumbe wa Hervé: *Nimetuma maombi yangu! Soma, mupenzi. Swali ya tatu, njo weye.*

Akafungua. Swali la tatu lilitaka mazungumzo yaliyombadilisha mwombaji. Hervé alikuwa ameandika kwa ufundi, bila chozi hata moja, kama Myriam alivyomfundisha. Kulikuwa na msichana wa miaka kumi na moja. Kulikuwa na daktari. Kulikuwa na "mtoto analala."

Alishuka kituo ambacho si chake, akapiga.

"Allô, chérie! Umeisoma?"

"Mwizi."

"Nini? Sikuweka jina yako..."

"Ulimuweka mama yangu! Mama yangu ndani ya kitanda ya hospitali, bazungu ya Minnesota bamusome!"

"Nilitaka kuonyesha vile minakuona. Sikuandika mubaya..."

"Njo maana inauma. Umeandika muzuri. Usinipigie tena, Hervé."

Akakata. Hervé alipiga tena mara nane siku hiyo. Hakujibiwa hata mara moja.

Myriam alifika nyumbani, akamkuta mama yake, Maman Anne-Marie, akikunja nguo. Hakuvua hata koti. Aligundua kuwa watu wasiomjua mama yake walikuwa na habari ya ule uongo ambayo mama mwenyewe hakuwa nayo, akashindwa kuivumilia. Akasema yote kwa pumzi moja. Daktari. Moyo. Uongo.

Maman Anne-Marie aliendelea kukunja shati hadi mikono yake ikasimama.

"Nilijua," akasema.

"Maman?"

"*Cœur*, moyo, nilikuwa najua, iko ndani ya nyimbo za kanisa. Na uso ya dokta niliiona. Lakini wewe ulikuwa unatetemeka, mutoto wangu. Nikasema nikilia hapa, atabeba hii maisha yake yote. Nikakuachia uniongopee."

Walilia pamoja juu ya nguo safi. Mwisho Myriam akamwomba ruhusa ya kuiandika, akaipata. Aliandika juu ya watu wawili waliofichana jambo moja kwa miaka tisa, kila mmoja akimlinda mwenzake, maneno mia mbili na hamsini. Akatuma siku moja kabla ya siku ya mwisho ya maombi.

Machi alikubaliwa. Siku hiyohiyo akamfuata Hervé mgahawani, akiwa na koti lilelile na uso wa vita.

"Nimepata. Na weye?"

Hervé alitazama meza. "Nilibaandikia Januari nikiomba kubadilisha ile insha. Bakasema haibadilishwi. Alors nikaondoa maombi yote."

"Umefanya nini?"

"Haikuwa yangu."

"Mupumbafu! Nilitaka nikushinde! Sasa nimemushinda nani?" Alimpiga begani, akampiga tena, kisha mkono ukabaki pale pale begani. "Naenda Agosti. Bado nimekasirika."

"Najua. Minakupenda vilevile."

"Simama. Hukunikosea miye peke yangu."

Walipanda tramu hadi Schaerbeek. Maman Anne-Marie alifungua mlango, kitenge kifuani, mwiko mkononi, akampima kijana toka juu hadi chini.

"Njo huyu?"

"Njo huyu, maman."

Hervé alipiga magoti pale pale kwenye ngazi. "Maman, nimekuja kuomba..."

"Simama, majirani banaangalia." Akasogea kando kumpisha. "Vua viatu, ingia. Utakula kwanza. Kukukasirikia, nitafanya nyuma ya chakula."

Na kweli, Hervé alipomaliza kula, Maman Anne-Marie alimkasirikia saa nzima. Chini ya meza Myriam alikuwa ameshika mkono wa Hervé, na hakumtetea hata kwa neno moja.